Gazeti la Bure, Sahani ya Kununua: Jinsi ya Kuzisoma Krismasi za Zamani za Disneyland

Muuzaji alikuwa ameandika "Krismasi 1958, halisi", nami nikalipa bila kuuliza. Kijitabu kilipofika kilikuwa cha kupendeza kweli: jaladani mti uliopambwa, nyuma yake kasri, na pembeni karatasi imegeuka rangi ya chai ya maziwa, kama inavyotarajiwa kwa kitu cha umri ule. Nikakigeuza. Chini kabisa palikuwa na anwani ya Disneyland, bustani ya burudani ya Walt Disney, Anaheim, California, na mwishoni mwake tarakimu tano: 92803. Hapo nikajua nimeuziwa mbuzi ndani ya gunia. Posta ya Marekani ilianza kutumia tarakimu tano za maeneo tarehe 1 Julai 1963. Kijitabu cha 1958 hakiwezi kubeba namba ambayo ilikuwa bado haijazaliwa.

Sikukirudisha. Bado nakipenda, na sidhani kama muuzaji alikusudia ulaghai. Alikisia tu. Wengi katika fani hii hukisia, kwa sababu vitu vyenyewe havikuandikwa mwaka. Aliyechapa ratiba ya magwaride ya Desemba hakufikiria kwamba miaka sitini baadaye kuna mtu atakaa nayo mezani na kioo cha kukuza. Kwake ilikuwa karatasi ya wiki tatu, baada ya hapo jalalani.

Jalala hilo ndilo ufunguo wa mambo yote haya.

Mgeni wa fani hudhani kitu kilichouzwa kwa bei kubwa zamani ndicho chenye thamani leo. Kwa kawaida mambo huenda kinyume. Chukua sahani za Krismasi zenye picha za akina Mickey ambazo kampuni ya Schmid ilianza kuzitoa mwaka 1973. Ziliuzwa kama vitu vya kukusanywa, na watu wakazikusanya kwelikweli: wakazitunza ndani ya maboksi yake na cheti chake, hawakula juu yake hata siku moja. Mwaka huohuo wa 1973 Hallmark, kampuni ya kadi za salamu, nao walianza mfululizo wao wa mapambo ya mti, na nyumba nyingi za Marekani zikajaza maboksi darini. Matokeo yake ni kwamba leo wauzaji wanagombania wanunuzi. Kitu ambacho kila mtu alikihifadhi hakiwezi kuadimika.

Sasa linganisha na jarida lililowekwa bure kwenye chumba cha moteli. Mgeni alilipekua usiku, akachana ukurasa wa kuponi, asubuhi mhudumu wa usafi akalitupa pamoja na sabuni iliyobaki. Yaliyonusurika yamenusurika kwa bahati: bibi mmoja alilitumia kutandika droo, mtoto mmoja alilificha chini ya godoro. Ndiyo maana kitu cha bure mara nyingi kinaizidi bei sahani iliyonunuliwa. Na vya Krismasi vinazidi kuwa adimu, kwa kuwa viligawiwa kwa majuma machache tu kabla ya Januari kuvifanya takataka.

Majarida haya yanachanganya hata wenye uzoefu, na chanzo kimoja cha mkanganyiko ni neno moja. Mwaka 1957 Disneyland ilianza kutoa jarida la bure la watalii lililoitwa Disneyland Holiday. Mmarekani wa leo akiliona neno hilo la pili anafikiria Desemba, taa na zawadi, kwa hiyo wauzaji huliorodhesha kama "jarida la Krismasi" hata kama ni toleo la kiangazi. Lakini katika jina lile neno lilimaanisha likizo, mapumziko ya safari, kama lilivyomaanisha kwa jarida jingine maarufu la utalii lililoitwa Holiday tu, ambalo lilikuwa likitoka tangu 1946. Jarida la Disneyland halikukaa na jina hilo kwa muda mrefu. Likabadilishwa na kuitwa Vacationland, na kwa jina hilo likaendelea kusambazwa mahotelini na kwenye moteli za kusini mwa California kwa miaka mingi. Kwa hiyo swali la kwanza unapoona tangazo si "ni la mwaka gani" bali "ni la majira gani". Matoleo ya majira ya baridi ndiyo yenye picha za magwaride ya Desemba. Mengine yana pwani na jua.

Jarida la pili ni Disney News. Hili halikuwekwa vyumbani. Lilikuwa la wanachama wa Magic Kingdom Club, klabu iliyowapa wafanyakazi wa makampuni mbalimbali punguzo la kuingilia, na toleo lake la kwanza ni la majira ya baridi ya 1965 kuingia 1966. Lilitoka mara nne kwa mwaka, na hapa kuna mtego ambao umewanasa wengi. Majira ya baridi ya kule huanza Desemba na kuishia mwaka unaofuata. Mtu akikuambia anauza "toleo la baridi la 1966", anaweza kuwa na maana ya lile la Desemba 1965 au la Desemba 1966. Kati ya hayo mawili kuna tofauti nzito: Walt Disney alifariki tarehe 15 Desemba 1966, siku kumi kabla ya Krismasi, wakati vitu vingi vya msimu ule vilikuwa vimeshatoka kiwandani vikimtaja kama mtu aliye hai. Wakusanyaji wanavitafuta sana vitu hivyo. Omba picha ya ukurasa wa ndani wenye namba ya juzuu na ya toleo. Jalada peke yake halitoshi.

La tatu ni kundi la machapisho ya wafanyakazi wenyewe, kama jarida la Backstage Disneyland la miaka ya 1960. Hayakuwahi kumfikia mgeni wa kawaida. Ndani yake utakuta tafrija za Krismasi za wafanyakazi, picha za watu wakiwa wamevua vichwa vya vibonzo wakinywa kahawa, na majina ya waimbaji wa kwaya. Kwa ladha yangu haya ndiyo yenye utamu kuliko yote, kwa sababu hayajaribu kumuuzia mtu chochote.

Ili ujue unachokitazama, inakubidi uifahamu kidogo Krismasi yenyewe ya pale. Disneyland ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955, hivyo Krismasi yake ya kwanza iliikuta ikiwa na miezi mitano tu. Novemba ya mwaka huo waliweka sarakasi ya hema, Mickey Mouse Club Circus, wakiwa na imani kwamba watoto watafurika. Haikudumu hata miezi miwili. Programu zake zilizochapwa ni ndoto ya wakusanyaji, na sababu yake ni kushindwa kwake: ingekuwa imefanikiwa kwa miaka kumi, programu zingekuwa kila mahali. Mwaka 1958 ikaja Candlelight, maandamano ya waimbaji wenye mishumaa yaliyohusishwa na Dokta Charles Hirt, mwalimu wa kwaya wa University of Southern California. Mwaka 1965 likaanza gwaride la Fantasy on Parade. Baadaye, 1984, dubu waimbaji wa Country Bear wakapewa onyesho lao la Krismasi. 1997 it's a small world, safari ya mashua kati ya wanasesere waimbaji, ikaanza kuvalishwa taa na nyimbo za msimu. 2001 jumba la mizimu, Haunted Mansion, nalo likapambwa kwa mtindo wake wa kutisha. Kila badiliko liliacha nyuma yake vipeperushi, beji, ratiba na mabango.

(Theluji usiulize. Anaheim, kama Tanga, haioni theluji Desemba. Kila kitu cheupe unachokiona kwenye picha zile ni pamba, rangi au povu.)

Turudi kwenye kusoma mwaka usioandikwa, kwa kuwa hapa ndipo fani ilipo. Mimi huzigawa dalili mafungu mawili: dalili za sakafu na dalili za dari. Sakafu inakuambia kitu hakiwezi kuwa cha kabla ya tarehe fulani. Dari inakuambia hakiwezi kuwa cha baada yake. Ukipata sakafu na dari zilizokaribiana, umekipata kitu chako katikati.

Tarakimu tano za posta ni sakafu: zikiwapo, ni 1963 au baadaye. Lakini usigeuze hoja. Zisipokuwapo hujathibitisha kitu, kwani wachapaji wengi waliendelea kuandika anwani kwa mtindo wa zamani kwa muda. Msimbo pau, ile mistari myeusi ya kusomwa na mashine ya dukani, nao ni sakafu. Bidhaa ya kwanza ilipitishwa kwenye mashine hiyo Marekani mwezi Juni 1974. Jina la kampuni ni dari nzuri sana. Hadi 1986 iliitwa Walt Disney Productions, kisha ikawa The Walt Disney Company, hivyo pambo lenye jina la kwanza, au herufi WDP, lilibuniwa kabla ya badiliko hilo. Pambo la kioo lililoandikwa kwamba limetengenezwa Ujerumani Magharibi haliwezi kupita 1990, mwaka nchi hiyo ilipoungana na ya Mashariki.

Kisha kuna tiketi. Oktoba 1955 Disneyland ilianza kuuza vitabu vya tiketi zenye herufi A, B na C, kila herufi kwa daraja lake la michezo. D ikaongezwa 1956, E ikaja 1959 kwa ajili ya michezo mikubwa, na mfumo mzima ukaondolewa 1982. Kipeperushi cha Krismasi kinachotangaza tiketi ya E kina sakafu ya 1959 na dari ya 1982. Hata siku za kufungwa zinasema kitu: kwa miaka mingi bustani ilifungwa Jumatatu na Jumanne nje ya misimu ya watu wengi, na ikaanza kufunguliwa kila siku mwaka mzima 1985. Ratiba ya Desemba inayosema Jumatatu ya mapema mwezi huo imefungwa ni ya kabla ya hapo.

Ramani ndogo za ndani ya vijitabu zina utajiri mwingi zaidi, ila zina hila yake. Mlima wa Matterhorn, reli ya juu na nyambizi vilifunguliwa pamoja Juni 1959. It's a small world ilifunguliwa Mei 1966, baada ya kuonyeshwa kwanza kwenye maonyesho makubwa ya New York. Maharamia wa Pirates of the Caribbean wakafuata Machi 1967, Haunted Mansion Agosti 1969, Space Mountain Mei 1977. Sasa hila: jengo la Haunted Mansion lilikuwa limesimama tangu 1963, likiwa limefungwa, watu wakilipita kwa miaka sita bila kuingia. Kwa hiyo picha ya jumba hilo haithibitishi kwamba ni 1969 au baadaye. Angalia kama maandishi yanamwalika mgeni aingie au yanamwahidi kwamba ataingia siku moja.

Vacationland ina zawadi moja zaidi, nayo ni matangazo ya majirani. Kusini mwa California kulikuwa na vivutio vilivyofunguliwa na kufa, na kila kimoja kinaacha tarehe zake. Pacific Ocean Park ya Santa Monica ilifunguliwa 1958 ikafungwa 1967. Marineland of the Pacific ilianza 1954 ikafa 1987. Makumbusho ya sanamu za nta, Movieland Wax Museum, yalifunguliwa Buena Park mwaka 1962. Tuseme umeletewa toleo la majira ya baridi lisilo na jalada. Ndani kuna tangazo la Movieland, kwa hiyo si kabla ya 1962. Kuna tangazo la Pacific Ocean Park, iliyofungwa Oktoba 1967. Na kuna makala inayosema it's a small world imekwisha kufunguliwa, kwa hiyo si kabla ya Mei 1966. Baridi inayoingia humo ni moja tu: ile ya 1966 kuelekea 1967. Hukuhitaji jalada wala neno la muuzaji. Nikiwa na kahawa na toleo la namna hii naweza kusahau chakula cha mchana.

Kujua mwaka hakutoshi kama karatasi yenyewe ilichapwa juzi. Nakala bandia za vijitabu zipo, na nyingine hazikutengenezwa kwa nia mbaya: mtu alichapa nakala ya ukumbusho, mwingine akairithi, wa tatu akaiuza kama ya asili. Kifaa cha kwanza ni kioo cha kukuza mara kumi. Uchapaji wa rangi wa zamani hujenga picha kwa vidoa vilivyopangwa kwa mpangilio, kama maua madogo yanayojirudia. Printa ya wino ya siku hizi hunyunyiza chembe ovyoovyo, na nakala iliyopigwa picha kutoka kwenye chapa ya zamani mara nyingi huonyesha mawimbi ambayo hayakuwapo. Kifaa cha pili ni pini za katikati. Pini ya chuma iliyokaa miaka sitini huacha kivuli cha kutu ndani ya karatasi. Pini inayong'aa kwenye karatasi "ya kale" inahitaji maelezo.

Kuna watu wanaosifu taa ya urujuani, ile inayofanya karatasi mpya ing'ae kwa buluu. Inasaidia kwa karatasi za kabla ya vita kuu ya pili, kwa sababu kemikali za kung'arisha zilianza kuenea viwandani karibu na miaka ya 1950. Lakini kwa kitu cha 1957 au 1965 taa hiyo haiamui kesi, kwani karatasi halisi ya wakati huo inaweza kuwa na kemikali hizo tayari. Nimeona kijitabu safi kikikataliwa kwa sababu ya taa tu.

Kuhusu hali ya kitu, sheria ya soko ni kali na yenye kuchosha: kona zilizokunjwa, kuponi iliyokatwa, doa la maji, vyote vinapunguza bei. Ninapotofautiana na wengi ni kwenye lebo za anwani. Nakala za Disney News zilizotumwa kwa posta mara nyingine zimebandikwa lebo, na wanaotaka ukamilifu huzichukia. Mimi nazipenda. Lebo inathibitisha kwamba jarida lilisafiri, likafika nyumbani kwa mtu, likasomwa. Ila ukionyesha picha yake mtandaoni, funika jina la mtu huyo.

Utunzaji unaweza kuelezwa kwa ufupi, ingawa makosa yake ni ya kudumu. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kuweka gazeti la 1957 ndani ya mfuko wa plastiki laini unaonuka. Plastiki ya PVC hutoa gesi zenye asidi zinazoila karatasi na kunata kwenye wino. Tumia mifuko ya poliesta, na nyuma weka kadibodi isiyo na asidi. Selotepu usiiguse kabisa. Gundi yake hugeuka kahawia na kupenya, na hakuna anayeitoa bila kuchana. Mpira wa kufungia nao huyeyuka ukaacha mstari. Jua hufuta rangi nyekundu kwanza, na Krismasi bila nyekundu ni karatasi ya kijani yenye huzuni. Kwa aliyeko Mombasa, Zanzibar au Muscat adui mkubwa ni unyevu: ukizidi asilimia 65 hewani kwa muda mrefu, kuvu huota, na kabati la ukutani lisilopitisha hewa ndilo shamba lake. Weka rafu mbali na ukuta wa nje, na mara moja kwa mwezi fungua upekue.

Disneyland haikuwa ya kwanza, na baadhi ya wakusanyaji tunaowaheshimu hawaigusi kabisa. Wao hufuata bustani zilizojengwa kwa ajili ya Krismasi peke yake. Julai 1949 ilifunguliwa Santa's Workshop huko Wilmington, New York, yenye nguzo ya barafu katikati kuwakilisha ncha ya kaskazini. Mwaka 1955, majuma machache kabla ya Disneyland, Glenn Holland alifungua Santa's Village kwenye milima ya California, kisha akafungua mbili nyingine, moja Scotts Valley mwaka 1957 na moja Illinois mwaka 1959. Kabla ya zote hizo, tarehe 3 Agosti 1946, mfanyabiashara Louis J. Koch alifungua Santa Claus Land katika mji mdogo wa Indiana uitwao Santa Claus. Aliona watoto wakifika mjini kwa sababu ya jina lake wakakuta hakuna Santa. Mwanzoni kuingia kulikuwa bure. 1955 watu wazima wakaanza kutozwa senti 50, na 1984 jina likabadilishwa kuwa Holiday World. Una sakafu na dari zako hapo tayari: kipeperushi chenye jina la Santa Claus Land kinachosema watu wazima waingie bure ni cha kabla ya 1955.

Mji ule una kitu kimoja ambacho hakihitaji mnada wala muuzaji. Posta yake imekuwa ikipokea barua za watoto kwa Baba Krismasi kwa zaidi ya miaka mia moja. Mkuu wa posta James Martin alianza kuzijibu mwaka 1914. Na kila Desemba hugonga barua kwa muhuri wa picha, ambao tangu 1983 huchorwa na mwanafunzi wa sekondari ya jirani, picha mpya kila mwaka. Watu hupanga foleni na marundo ya kadi. Muhuri una tarehe, una mwaka, una jina la mahali, na hutolewa kwa gharama ya stempu. Baada ya miaka ya kuhesabu tarakimu za posta na matangazo ya bustani zilizokufa, nikiupata mmoja wa mihuri hiyo kwenye bahasha iliyokunjamana huwa nautazama kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.